Mnang'oa Waya, Mnabaki na Ukuta

Kuna kauli inayopita siku hizi kutoka kwa fundi hadi kwa mwenye nyumba, kutoka duka la simu hadi kundi la WhatsApp la wapangaji, bila mtu kuidai ushahidi: zama za waya ndani ya nyumba zimekwisha. Nyumba ni wifi. Ule waya wa antena unaoshuka kutoka darini na kuishia kwenye soketi nyuma ya televisheni ni masalio tu. Siku ya kupaka rangi upya ung'olewe, tundu lizibwe kwa saruji, habari iishe.

Niitendee haki kauli hiyo kwanza, kwa sababu wanaoisema si wajinga. Wanasema hivi. Simu na tableti hazina tundu la waya, na ndizo zinazokula intaneti kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Ruta za leo zina kasi ambazo zamani hazikuonekana hata ofisini. Chumba kikiwa mbali, kuna vifaa vya kurudufu mawimbi, na kuna seti za mesh zinazogawana nyumba nzima. Na kama mtu ni mbishi, anataka waya kwa nguvu, basi avute kebo ya mtandao ya Cat6 kama watu wanaojua kazi. Waya wa antena ni wa antena, ukiutia intaneti utagombana na TV. Hoja nne, kila moja ina chembe ya ukweli. Zikikusanywa pamoja zinamtoa mtu pesa kila mwezi, na chumba cha nyuma bado hakina mtandao.

Kwanza tujue tunachong'oa. Waya wa antena ni kebo ya koaksia: uzi wa shaba katikati, plastiki nyeupe kuuzunguka, wavu wa metali juu yake, ganda nje. Mwaka 2004 makampuni kadhaa yaliunda muungano uitwao MoCA kwa shughuli moja tu, kupitisha data ndani ya koaksia ambayo tayari imo ukutani. Mpango wake hauhitaji shahada. Adapta moja unaiweka kando ya ruta, unaiunga kwa kipande cha kebo ya mtandao upande huu, na upande wa pili unafunga konekta ya antena. Adapta ya pili unaifunga kwenye soketi ya antena ya chumba cha mbali. Humo unapata tundu la mtandao la kawaida: chomeka kompyuta, chomeka TV, au chomeka kifaa kingine cha wifi kiwarushie mawimbi watu wa chumba hicho. Toleo la 2.5, lililotangazwa 2016, hubeba hadi gigabiti 2.5 kwa sekunde, na vifaa hadi kumi na sita huweza kuishi kwenye waya mmoja vikigawana kasi hiyo. Hicho ndicho kitu tunachozibia tundu kwa saruji.

Hoja ya kwanza: wifi imetosha

Anayesema waya umekufa, mwombe akuonyeshe ruta yake. Nyuma yake kuna waya. Data yake imetoka ng'ambo ikapita chini ya Bahari ya Hindi kwa nyaya kama SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009, ikapanda bara kwa faiba, ikachimbiwa barabara, ikapandishwa nguzo, ikatobolewa ukuta wa sebule. Maelfu ya kilomita, hakuna aliyelalamika kwamba waya ni ushamba. Ushamba umegunduliwa katika mita kumi na tano za mwisho, kati ya sebule na chumba cha watoto.

Halafu soma maandishi ya boksi. Ruta inauzwa kwa jina la AX3000, na mnunuzi anaelewa kwamba atapata megabiti 3,000. Idadi hiyo ni jumla: 574 za masafa ya gigahezi 2.4 na 2,402 za gigahezi 5, zimejumlishwa na kukadiriwa kwenda juu. Simu yako kwa kawaida hushika masafa mamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo haiioni hata ikilala juu ya ruta. Na zile 2,402 zinataka njia pana ya megahezi 160, isiyo na jirani ndani yake, na kifaa cha kupokea chenye uwezo huohuo. Tafuta mazingira hayo Embakasi ya Nairobi au Sinza ya Dar es Salaam, kwenye fleti ambapo ukifungua orodha ya wifi unateremsha kidole mpaka unachoka. Katika gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana, namba 1, 6 na 11. Ghorofa nzima inagombea njia tatu, na redio ina tabia moja isiyobadilika: kwenye njia moja, mmoja akisema wengine wanangoja.

Sasa ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za fremu za mbao zilizofunikwa kwa jipsamu, na mawimbi ya wifi hupenya humo bila shida kubwa. Sisi tunajenga kwa tofali za saruji, nguzo zenye nondo, na sakafu ya zege kati ya ghorofa na ghorofa. Mombasa ya Kale, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja kuna kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazofikia nusu mita kwa unene. Ukuta wa namna hiyo uliwekwa uzuie jua, na wifi nayo imo katika orodha ya vinavyozuiwa.

Wenye kuta za jipsamu ndio waliounda MoCA. Wao, ambao mawimbi yanawapitia ukutani, waliona redio peke yake haiwatoshi, wakarudi kwenye koaksia. Sisi wenye kuta za mawe na zege ndio tunaotangaza kwamba redio imemaliza kazi. Sijui tumeupata wapi ujasiri huo.

Hoja ya pili: basi ongeza kifaa

Hapa ndipo biashara ilipo. Kirudufu cha wifi hupokea mawimbi na kuyarusha tena. Kikiwa na redio moja, kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili kwenye njia ileile, na kasi inayobaki ni kama nusu. Ukikiweka chumbani ambako mtandao ni mbovu, kitarudufu ubovu. Ukikiweka mahali ambapo mtandao bado ni mzuri, mara nyingi ni kwenye korido, karibu na ruta, na kati yake na chumba ukuta uko palepale. Simu itaonyesha vijiti vimejaa, kwa sababu vijiti hupima ukaribu wa kirudufu, havipimi kinachokifikia kirudufu chenyewe. Mwenye nyumba anafurahia vijiti huku video inazunguka.

Seti za mesh ni bora zaidi, na zile za bei ya juu zina redio ya ziada kwa ajili ya mazungumzo ya zenyewe kwa zenyewe. Lakini fungua kijitabu cha maelekezo cha karibu seti yoyote utakuta ushauri uleule: inapowezekana, unganisha vipande kwa waya. Mtengenezaji wa kitu kinachouzwa kama mwisho wa waya anakushauri utumie waya. Muuza duka hakufika ukurasa huo.

Kisha inafuata gharama ambayo hakuna anayeiandika kwenye risiti. Baada ya virudufu kushindwa, familia inapiga simu kwa kampuni na kupandisha kifurushi. Megabiti 20 zinakuwa 60, bili inapanda, sebule inaruka, chumba cha nyuma kinabaki kama kilivyokuwa, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye kinachoingia nyumbani. Ni kuongeza tangi la pili juu ya paa wakati bomba la bafuni limeziba. Na malipo hayo ni ya kila mwezi. Jozi ya adapta za MoCA 2.5 kule Marekani huuzwa kwa zaidi kidogo ya dola mia moja, mara moja tu. Ongeza usafiri na ushuru, kisha hesabu mwenyewe ni miezi mingapi ya tofauti ya kifurushi.

Mtu ataniambia adapta nazo zinakula umeme, na umeme ukikatika zinazimika. Kweli. Hata kirudufu kinazimika.

Hoja ya tatu: waya ni Cat6 au si waya

Hawa ni wapinzani wa aina nyingine. Wanapenda waya, ila waya wao. Koaksia kwao ni kitu cha fundi dishi, hakina heshima ya mtandao.

Heshima hiyo ina historia fupi kuliko wanavyodhani. Robert Metcalfe na David Boggs walipounda Ethernet, mtandao unaopita ndani ya Cat6, kwenye maabara ya Xerox PARC huko California mwaka 1973, waliiunda juu ya koaksia. Kiwango cha kwanza cha biashara miaka ya themanini kilitumia koaksia nene, kipande kimoja hadi mita 500. Baadaye ikaja nyembamba, mita 185. Kebo za jozi zilizosokotwa, mababu wa Cat6, ndizo zilizokuja baadaye kuchukua nafasi. Na hadi leo, mamilioni ya nyumba za Marekani, na baadhi ya mitaa ya Nairobi iliyopata intaneti kwa njia ya kampuni za kebo, hupokea intaneti yao yote kupitia koaksia inayoingia mlangoni. Hata Verizon ya Marekani ilipoanza kupeleka faiba majumbani, faiba ilikomea kwenye boksi la ukutani, na kutoka hapo hadi kwenye ruta ikatumia koaksia iliyokuwamo, kwa MoCA. Kampuni iliyokuwa inauza faiba haikuona aibu.

Nakubali bila kuvutwa shati kwamba Cat6 ni bora. Inapeleka na kupokea kwa wakati mmoja, kila kifaa kina waya wake, ucheleweshaji wake ndani ya nyumba hauhesabiki. MoCA inagawanywa kati ya wote waliounganishwa na huongeza milisekunde tatu au nne. Kwa mtu anayejenga leo, ambaye ukuta bado haujapigwa plasta, jibu ni Cat6, tena ndani ya bomba, tena mbili kila chumba. Ila hao hawaniulizi. Wanaouliza ni watu ambao nyumba imeshasimama.

Kwao Cat6 maana yake ni kuchimba mfereji ukutani, kuziba, kupiga plasta, kupaka rangi, na rangi hailingani na ya zamani kwa hiyo chumba kizima kinapakwa. Mpangaji anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, ambaye atakubali kwa sharti kwamba kila kitu kibaki chake. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na Lamu tangu 2001, na kule kutoboa ukuta si jambo la kuamka asubuhi ukaamua. Wapo wanaosema tumia koaksia kama kamba: funga Cat6 mwishoni, vuta, moja itoke nyingine iingie. Hilo linawezekana koaksia ikiwa ndani ya bomba lenye nafasi. Nyingi zilizoko kwetu zimezikwa moja kwa moja kwenye plasta, au zimepigiliwa klipu nje ya ukuta kila baada ya hatua. Ukivuta utakatika mkono.

Ushindani halisi, basi, ni kati ya koaksia iliyopo na Cat6 ambayo haitavutwa kamwe. Msafi wa waya anashinda mjadala, na mtoto anaendelea kufanya kazi za shule akiwa amekaa koridoni kwa sababu ndiko mtandao unakofika.

Hoja ya nne: itagombana na TV

Hii ndiyo hoja pekee yenye uzito, na ndiyo ambayo wenyewe wanaisema kwa uzembe zaidi. Kugombana au kutogombana ni suala la masafa, na masafa yanajulikana.

Antena ya kawaida, ile ya king'amuzi cha ardhini tuliyohamia baada ya Dar es Salaam kuzima analojia mwishoni mwa 2012 na Kenya kumaliza mwaka 2015, hupokea chini ya megahezi 900. Kampuni za kebo kwa desturi hutumia hadi megahezi 1,002. MoCA 2.5 hufanya kazi kati ya 1,125 na 1,675. Yaani TV iko chini, mtandao uko juu, hawaonani. Anayeogopa kwamba kipindi cha taarifa ya habari kitachanganyika na barua pepe alale salama. Mwangalifu mmoja tu anahitajika: mwenye modemu mpya ya kebo ya DOCSIS 3.1, kwa sababu hiyo inaweza kupanda hadi megahezi 1,218 na kuingia uwanja wa MoCA. Dawa yake ni kichujio kidogo cha kufunga mbele ya modemu.

Dishi ni habari nyingine kabisa. Jicho la dishi hushusha mawimbi ya setilaiti kwenye waya kwa masafa ya megahezi 950 hadi 2,150. MoCA imekaa katikati ya hapo. Zaidi ya hayo, dikoda hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenye waya huohuo kulisha jicho la dishi. Kwa hiyo waya unaotoka kwenye dishi linalofanya kazi usiuguse. Hapo wapinzani wangu wako sahihi, na wangeweza kusema hivyo kwa sentensi moja badala ya kuhukumu koaksia zote kwa kosa la dishi.

Lakini panda juu ya paa uhesabu. Madishi mangapi mtaani yameota kutu, kifurushi kimekwisha tangu mwenyewe alipohamia kutazama mpira kwenye simu? Waya za madishi hayo bado zimo ukutani, mara nyingi mbili au tatu, zinakwenda sebuleni na chumba kikubwa. Zikifunguliwa kwenye jicho la dishi, zikaungwa zenyewe kwa zenyewe, tayari ni njia ya mtandao.

Kwa kweli kinachoharibu kazi hii hakitajwi na wanaoipinga, kwa sababu kukijua kunahitaji kufungua kifuniko cha soketi. Ni splita ya zamani yenye maandishi ya megahezi 5 hadi 1,000, inayominya yote yaliyo juu ya hapo. Ibadilishwe kwa inayofika 1,675. Ni busta ya antena iliyofichwa darini, ambayo MoCA kwa kawaida haiwezi kuivuka. Ni konekta iliyobanwa kwa koleo badala ya kifaa chake, ambayo hewa ya chumvi ya pwani imeigeuza kijani. Ni tawi la waya lililoachwa wazi bila kizuizi cha omu 75, likirudisha mawimbi nyuma. Matengenezo haya yote ni ya bei ya chakula cha mchana, na fundi dishi yeyote anaweza kuyafanya, ila hakuna anayemwita kwa sababu tumeshaambiwa waya umekufa.

Wanaongeza hofu ya usalama: jirani atasikiliza. Katika fleti ambapo ghorofa nzima inagawana mfumo mmoja wa koaksia, mawimbi kweli yanaweza kutoka kwako yakaingia kwake. Ndiyo maana kuna kichujio cha mlangoni, kipande kidogo cha chuma kinachofungwa pale waya unapoingia nyumbani. Kinazuia mawimbi yasitoke, na kwa kuyarudisha ndani kinaimarisha mtandao wako. Kwenye fleti si cha hiari. Matoleo ya sasa pia yana nywila ya usimbaji, iwashwe. Wanaonionya juu ya jirani, nao nywila yao ya wifi inajulikana na mama mboga, na wageni wa harusi iliyopita, na mtoto wa jirani huyohuyo.

Na vifaa viko wapi?

Havipo kwa urahisi, hilo sikatai. Tembea Luthuli Avenue ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam utapewa kirudufu kabla hujamaliza sentensi. Adapta ya MoCA utaulizwa ni nini. Wauzaji hawaleti kwa sababu wateja hawaulizi, wateja hawaulizi kwa sababu fundi amewaambia ni teknolojia ya zamani, na fundi anasema hivyo kwa sababu haijawahi kuonekana dukani. Kwa sasa njia iliyopo ni ndugu aliyeko Minneapolis au Toronto anayekuja likizo, ambaye pengine nyumba aliyopanga ina soketi ya koaksia kila chumba na hajawahi kuigusa naye. Umwambie aangalie chaja inakubali volti 240 na abebe plagi ya kubadilishia. Vinabebeka kwenye mfuko wa koti.

Subirini teknolojia mpya

Kila nikifika hapa mtu huinua mkono kusema Wi-Fi 7 inakuja, 5G inakuja, tatizo litajimaliza. Hao ndio wanaonishangaza kuliko wote. Kasi za wifi za vizazi vipya zinapatikana kwa sehemu kubwa kwa kupanda juu zaidi kwenye masafa: gigahezi 2.4, kisha 5, sasa 6. Masafa yakipanda, kupenya ukuta kunapungua. Kila masafa mapya yanatoa kasi kubwa zaidi katika duara dogo zaidi. Boksi la 5G litawekwa dirishani, kwa sababu ndani ya zege halisikii kitu, na kutoka dirishani hadi chumba cha nyuma kuta ni zilezile. Ruta ya gigahezi 6 itakupa kasi ya ajabu chumba ilichomo. Chumba cha pili kitahitaji kifaa chake, na kifaa hicho kitahitaji kulishwa na kitu kisichopita hewani.

Kadiri wifi inavyokuwa bora, ndivyo inavyohitaji waya mwingi zaidi nyuma yake, katika vyumba vingi zaidi. Muungano wa MoCA wenyewe ulitangaza toleo la 3.0 mwaka 2021 likilenga gigabiti 10. Sisi mwaka huohuo tulikuwa tunavuta koaksia ukutani kwa koleo, tunachuna ganda, tunauza shaba kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwa pesa hiyo hatukuweza kununua hata kirudufu kimoja.